Siku Tatu za Kipro, Kinondoni

Baba alituhamishia Kipro siku ya Jumatatu, bila mtu yeyote kuondoka Kinondoni.

Jambo hili linahitaji maelezo. Baba yangu, Revelian, alikuwa mpishi wa Bwana Hollis, Mwingereza wa idara ya upimaji aliyekaa Oysterbay katika nyumba yenye bustani kubwa na maneno machache. Mwaka ule, 1951, Bwana Hollis alikuwa anastaafu. Hakutaka kurudi Uingereza kwa sababu ya baridi, wala kubaki Tanganyika kwa sababu yetu. Alikuwa amenunua nyumba ya mawe katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Kipro, kule Bahari ya Kati, kisiwa kilekile ambacho Mtume Paulo alikipitia na Barnaba wakihubiri. Kipro nacho kilikuwa chini ya Mfalme wa Uingereza kama sisi, kwa hiyo, alisema Bwana Hollis, kuhamia huko ni kama kutoka chumba kimoja cha nyumba na kuingia kingine. Alitaka kumchukua baba apike na mama afue na kupiga pasi. Waende wote wawili au asiende hata mmoja. Jibu alilitaka Jumamosi.

Mimi, niliyekuwa nyumbani kwa likizo, ningebaki shuleni, na likizo zangu zote ningezitumia kulima maharage ya mapadri.

Baba alikubali moyoni kabla hajafika nyumbani. Kilichomvuta hakikuwa mshahara wala meli. Kilikuwa kimya.

"Ni kijiji kitulivu," alituambia mezani, kwa sauti aliyoiweka akiba kwa ajili ya Ijumaa Kuu. "Ukikaa barazani, unamsikia mbuzi wa ng'ambo ya bonde anavyotafuna."

Mama alikuwa anapakua ndizi. "Anatafuna nini?"

"Nani?"

"Huyo mbuzi."

Baba akasema majani. Mama akasema haya, akaendelea kupakua.

Lazima nikiri kwamba baba alikuwa na sababu za kupenda kimya. Upande wa kushoto tulipakana na Mzee Kondo, mchukuzi wa bandarini, na mkewe Mauwa, mpika vitumbua. Kati yetu na wao palikuwa na ua wa makuti, na ua wa makuti hauzuii kitu ila macho, tena si yote. Mauwa aliongea na mama kupitia ua ule tangu asubuhi mpaka magharibi. Mzee Kondo alikuwa na jogoo mwekundu ambaye hakujali saa. Aliwika alfajiri, adhuhuri, na wakati wowote baba alipojilaza. Kwa muda mrefu baba alikuwa akimwomba Mzee Kondo amchinje jogoo yule, na Mzee Kondo alikuwa akijibu kwamba jogoo ni wake na masikio ni ya baba, kila mtu atunze chake.

Ikabaki shaka moja tu. Bwana Hollis alikuwa ameuliza kama watu wa Kinondoni wanaweza kukaa kimya, maana wanakijiji wa kule hawatujui na yeye hataki usumbufu. Baba aliona aibu kujibu kitu asichokijaribu. Akaamua kwamba kuanzia Jumatatu tutaishi kama tumeshafika Kipro, na kama nyumba itaweza, Jumamosi atapeleka jibu.

"Nikodemu atakuwa msimamizi," alisema. "Kimya amekisomea."

Ni kweli nimekisomea. Shuleni kwetu tunacho Kimya Kikuu, kinachoanza baada ya sala ya jioni mpaka baada ya misa ya asubuhi, na mtu haruhusiwi kusema hata nyoka akiingia bwenini. Nyoka aliwahi kuingia. Tulimwonyesha mlango kwa vidole.

Niliupokea wadhifa wangu kwa unyenyekevu. Niliamuru kwamba hakuna kuitana kupitia ua. Salamu itolewe mara moja, kwa kichwa, na isifuatwe na habari za watoto, za kazi, za mguu wala za mvua. Kinu kilazwe ubavu, tununue unga uliosagwa. Asiombwe mtu chumvi. Baba alifurahi, naye kwa hiari yake akafungua kengele ya baiskeli yake na kuifungia kabatini. Kisha akatangaza, kwa uso wa mtu anayetoa sadaka, kwamba na yeye ataacha kuimba.

Hapo nilishtuka. Kila alfajiri, akiwa anapiga pasi sare yake nyeupe, baba huimba misa nzima kwa Kilatini, kuanzia Kirie mpaka mwisho, kwa sauti ambayo padri wetu aliwahi kuielezea kuwa ni ya moyo safi. Hakusema zaidi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba baba anajua kuwa ile nayo ni sauti.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi.

"Niko," alisema polepole, kama sheria ilivyotaka, "huko Kipro watu hubishana bei dukani?"

Nikamwambia kitabu chetu cha jiografia kinasema wanalima zabibu na mizeituni, hakisemi wakinunua wanasemaje.

"Basi weka na hiyo. Hakuna kubishana bei."

Nikaiweka. Nikamwambia anaonekana kuipenda sana safari.

Mama akamenya ndizi nyingine mbili. "Nilipoletwa hapa kutoka Bukoba," alisema, "nilikuwa sijui hata kuomba chumvi. Baba yako anakwenda kazini alfajiri, anarudi usiku, mie nipo na kuta. Mauwa akaja, akanishika mkono, akautia kwenye kopo lake, akasema, chumvi. Siku ya pili akanishika tena, akautia kwenye ndoo, akasema, maji. Ndivyo nilivyojifunza, kwa kuloweshwa mkono. Zaidi ya mwaka nilikuwa bubu mwenye mume. Sasa huko Kipro nani atanishika mkono? Bwana Hollis?"

"Si umwambie baba hutaki."

"Hajaniuliza. Ameniambia." Akalitupa ganda la ndizi. "Na anavyofurahi na mbuzi wake, nitaanzaje?"

Nilitaka kumpa pole, lakini tulikuwa tumeshapita kiasi cha maneno nilichokiruhusu kwa asubuhi ile.

Tukaishi Kipro. Baba aliondoka gizani kwa njia ya nyuma, kwenye mihogo, asikutane na mtu wa kumsalimu, na akarudi gizani kwa njia hiyohiyo, mnyororo wa baiskeli akiwa ameupaka mafuta. Alikula, akakaa barazani kwenye kiti chake, akatega sikio. Jogoo wa Mzee Kondo aliwika, lakini baba alitabasamu kama mtu aliyekwisha kata tiketi.

Upande wa ua mambo hayakuwa mepesi. Jumatatu Mauwa aliita, "Mama Niko, umeamkaje?" Mama akaenda mpaka kwenye tundu la makuti, akainamisha kichwa mara moja, akarudi. Mauwa akabaki pale. Jumanne aliita tena, taratibu zaidi, na mama akainamisha kichwa tena, ila safari hii aliporudi ndani nilimwona anafuta macho kwa ncha ya kanga. Sikuwa na sheria ya machozi, kwa kuwa hayana sauti.

Jumatano nikaenda naye dukani kwa Bwana Mohamedraza. Duka lile lilianzishwa na baba yake, Bwana Remtulla, na bei zake zilipandishwa kwa makusudi ili zipate mahali pa kushukia. Mama ndiye aliyekuwa akizishusha kuliko wanawake wote wa mtaa. Bwana Mohamedraza alimwogopa na kumheshimu, na nadhani siku mama alipokosa kwenda alifunga mapema.

Mama aliomba sukari. Bwana Mohamedraza akapima, akataja bei, akashika kiuno tayari kwa vita. Mama akaweka pesa mezani, akachukua sukari, akageuka.

"Mama Niko," akaita Bwana Mohamedraza. "Umesahau."

Mama akasimama.

"Hujasema kitu," alisema. "Hata kwamba nimekunja moyo, mchoyo mimi. Kila siku husema nimekunja moyo."

Mama akatazama chini, akatoka. Nilipogeuka mlangoni nilimwona Bwana Mohamedraza ameushika mzani kwa mikono miwili, ingawa haukuwa na kitu.

Alhamisi mchana walikuja.

Alitangulia Mauwa, kanga ameifunga kiunoni, nyuma yake wanawake saba au wanane. Hakubisha hodi. Akaingia moja kwa moja, akamkumbatia mama, akalia. Mama, ambaye kwa siku tatu alikuwa anajizuia, akalia pia, na kwa kuwa alilia kweli, wengine wote wakaelewa kwamba hapakuwa na haja ya kuuliza. Nyuma yao wakaja wanaume. Waliniambia nitoe mikeka, nikatoa mikeka. Mzee Kondo akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Jikaze, mwanangu. Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba," nami nikajikaza. Mtu akaleta birika la kahawa, nikapewa vikombe nigawe. Vijana wanne walikuja na majembe, wakakaa pembeni wakisubiri kuambiwa Wakatoliki huzikwa wapi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini sikusema lolote. Hakuna aliyeniuliza. Mfiwa haulizwi, hupewa pole, nami nilipewa nyingi. Isitoshe nilikuwa bado msimamizi, na sheria zangu zilikuwa hazijafutwa.

Polepole nikafahamu, kwa kupita na kahawa, kwamba aliyekufa ni baba. Ushahidi ulikuwa mzuri. Kinu kimelala ubavu. Benedicta, yaani mama, haongei na mtu. Revelian hajaonekana tangu Jumapili, wala baiskeli yake haijasikika. Mwenye kukata shauri alikuwa Bwana Mohamedraza, aliyefika na kitita cha kitambaa kipya cha amerikani chini ya kwapa, cha sanda, akakaa kwenye mkeka na viatu vyake vikiwa vimepangwa vizuri pembeni. Maiti, alieleza, bila shaka iko Oysterbay, na Mzungu ataileta kwa gari lake. Watu wakaona ndivyo ilivyo. Wakawa wanatazama barabarani kusubiri gari.

Kwa bahati Alhamisi ni siku ya baba ya kutoka mapema. Alitokea nyuma, kwenye mihogo, bila kengele, bila mlio wa mnyororo, akaegemeza baiskeli kwenye mpapai. Aliona watu. Aliona mikeka. Aliniona mimi nikigawa kahawa, akatafuta kwa macho, hakumwona mama, akasikia wanawake wanalia ndani. Uso wake ukawa wa rangi ya majivu.

Akavua kofia, akakaa kwenye ukingo wa mkeka wa mwisho, nyuma ya Mzee Kondo. Hakuthubutu kufika mlangoni. Nilimpelekea kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili bila kunitazama.

"Ni nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mzee Kondo alikuwa ameinamisha kichwa, hakugeuka. "Jirani yangu," alijibu. "Mpishi."

Baba akauliza, "Mpishi yupi?"

"Yule wa kuimba." Mzee Kondo akavuta pumzi. "Mie si mtu wa kanisa, lakini nimeamshwa na kirieleisoni yake miaka yote hii. Akianza, naamka. Akifika pale anaposhusha sauti, navaa. Akimaliza, natoka. Siku tatu hizi sijasikia kitu, nimechelewa bandarini siku zote tatu, mnyapara amenitukana mbele ya watoto wadogo. Nikajua huyu si mgonjwa. Mgonjwa angeimba, angeimba vibaya zaidi, lakini angeimba."

"Ulikuwa na jogoo," alisema baba.

"Jogoo anawika muda wote, utajuaje saa? Tena nimemchinja." Mzee Kondo akaonyesha kwa kidevu upande wa jiko. "Marehemu alikuwa akimlalamikia. Nikaona si heshima awike matangani kwake."

Baba akakirudisha kikombe kwenye kisahani kwa kishindo kidogo, na mlio huo, nadhani, ndio uliomfanya Mzee Kondo ageuke. Alimtazama baba kwa muda mrefu, kuanzia nywele mpaka viatu.

"Umechelewa," alisema mwishowe. "Tunakuzika saa kumi."

Mauwa alitoka kuona kwa nini wanaume wamesimama. Akamwona baba, akarudi ndani, tukamsikia akisema, "Yupo nje, anakunywa kahawa." Vilio vikakatika kimoja kimoja. Wanawake wawili waliotoka mbali waliendelea kidogo, kwa kuwa walikuwa wametembea.

"Nani amesema nimekufa?" aliuliza baba.

Watu wakamtazama Bwana Mohamedraza. Bwana Mohamedraza hakutikisika.

"Mama Niko amenunua sukari," alisema, "hakuomba nipunguze."

Wanaume wakatikisa vichwa. Baba akafikiri. Alikuwa mume wa mama kwa miaka mingi. "Kwa kweli," alikubali.

Basi ikabidi aeleze. Alisimama katikati ya mikeka, kofia mkononi, akaeleza Kipro, nyumba ya mawe, kijiji, na mbuzi anayetafuna ng'ambo ya bonde. Aliueleza kimya kile vizuri sana. Watu walimsikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa.

"Sasa ukifika huko," aliuliza Mzee Kondo, "ukanyamaza siku tatu, nani atakuja?"

"Hatakuja mtu," alisema baba. "Huko wote wamenyamaza."

Baada ya kulisema hilo alibaki mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeonja mchuzi wake mwenyewe na kukuta kuna kitu hakikuwekwa. Akatazama majembe. Akatazama kitita cha amerikani. Kisha akageukia mlango, ambako mama alikuwa amesimama na macho mekundu.

"Mama Niko," alisema. "Hivi wewe unataka kwenda Kipro?"

Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza.

"Sitaki," alisema mama. Akafuta pua. "Ungeniuliza Jumapili, jogoo wa watu angekuwa hai."

Baba akavaa kofia, kisha akaivua tena. "Basi hatuendi," alisema.

Chakula kilikuwa kimeshaiva, na haikuonekana busara kuwarudisha watu na njaa kwa sababu tu hakuna aliyekufa. Baba alikaribishwa akae mahali pa heshima. Alionja mchuzi wa jogoo, akatafuna kwa muda, na wote wakasubiri, kwa kuwa alikuwa mpishi na kwa kuwa alikuwa marehemu.

"Chumvi," alisema.

Mauwa akanyanyuka, akapenya kwenye tundu la ua, akarudi na kopo lake. Hakumpa baba. Alimpa mama, na mama akautia mkono wake ndani kabla ya kumwaga kwenye sufuria, chumvi nyingi kuliko ilivyohitajika. Halafu wawili wale wakaanza kuongea. Walikuwa na maongezi ya siku tatu, na mpaka vijana wenye majembe wanaondoka walikuwa hawajafika Jumanne.

Bwana Mohamedraza alikataa kuondoka na amerikani yake. Alisema imekatwa kwa kimo cha baba, kuirudisha dukani ni kumtakia mabaya, na mama akajibu kwamba kwa upana ule baba angezikwa magoti nje. Bwana Mohamedraza akashika kiuno. Uso wake ulikuwa umerudiwa na damu. Waliendelea mpaka karibu na magharibi.

Mama aliishona ikawa aproni mbili. Jumamosi baba alivaa moja kwenda kupeleka jibu. Bwana Hollis aliuliza kwa nini hatuendi, na baba akamwambia mke wangu hataki, Bwana. Bwana Hollis, ambaye hakuwahi kuoa, aliona ni sababu ya ajabu lakini si ya kubishia. Akiwa mezani aliisifu aproni, akauliza kitambaa kizuri hivyo kimetoka wapi.

"Ni sanda yangu, Bwana," alisema baba, akamwekea viazi.

Bwana Hollis hakusema neno mpaka baada ya matunda. Baba anasema hata kwa mtu kama yule, kilikuwa kimya cha pekee.

Aliondoka mwezi uliofuata. Kabla ya kupanda meli aligawa vitu vyake, na baba hakuomba saa wala redio. Aliomba jogoo wa bustanini, mweupe, mnene, akampeleka kwa Mzee Kondo kwa baiskeli, kengele ikilia njia nzima. Wazee wawili wakaketi kwenye ua kumsubiri awike.

Hajawika mpaka leo. Anatembea, anakula, anatazama mbali. Mzee Kondo amemwita mganga wa kuku, na mganga amesema kuku ni mzima.

"Huyu ndiye aliyekuwa aende Kipro," anasema Mzee Kondo kila asubuhi kupitia makuti, na baba, akiwa ameshika pasi, anaanza Kirie kwa nguvu zaidi, ili Mzee Kondo asichelewe kazini.